Debe, waya na sumaku: Nani hasa ndiye msanii wa sauti?

MWANAFUNZI mmoja wa chuo kikuu, mzaliwa wa Kibirichia kama mimi, ameniletea swali. Anaandika tasnifu kuhusu wasanii wa siku hizi wanaotumia kelele za mji, mvua, nyaya na mashine kama malighafi ya kazi yao, na ambao mara nyingi hujiundia vifaa wenyewe au hugeuza vya watu vikafanya kazi visivyokusudiwa. Anataka kujua tuwaiteje kwa Kiswahili. Msimamizi wake amemwambia ati lugha yetu haina neno kwa sababu jambo lenyewe ni geni kwetu.

Hilo la kukosa neno tutalifikia. Hili la pili ndilo lililonikera, kwa kuwa mimi nimelelewa ndani ya nyumba iliyokuwa na kifaa cha namna hiyo.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Kibirichia ni soko lililo upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, katika Kaunti ya Meru. Ni nchi ya viazi na baridi. Siku isiyo na ukungu, ukisimama mahali pa wazi, unaziona mbuga kavu za Isiolo zimejinyoosha huko chini. Nilipokuwa mdogo viazi vilipimwa kwa debe. Mpimaji akishamimina, alilipiga debe kofi la kitako ili udongo uliosalia udondoke, na debe likajibu: bum! Wenye masikio walijua kwa mlio huo kama kitako kilikuwa kimebonyezwa kwa ndani kusudi debe lichukue viazi vichache. Debe zima huvuma. Lililobonyezwa hulia kavu. Mama yangu hakuwahi kuuza kiazi kwa debe ambalo hajalipiga kwanza kwa mkono wake.

Debe hilohilo likishatoboka halikutupwa. Baba yangu mdogo alilikata tundu ubavuni, akalipachika shingo ya mti, akatafuta waya wa breki ya baiskeli. Waya huo, kama hujawahi kuufumua, ni uzi mwingi mwembamba wa chuma uliosokotwa pamoja. Uzi mmoja peke yake ulikuwa wa sauti ya juu. Kwa sauti nzito alisokota nyuzi mbili au tatu, kwa maana uzi mzito hutikisika polepole kuliko mwepesi. Karibu na daraja la nyuzi alifunga vifuniko viwili vya soda vilivyotobolewa, ili kila anapopiga visikike vikichacharika. Mgeni mmoja aliwahi kumwambia avitoe, vinaharibu sauti. Akajibu kwamba gitaa la dukani huongea kwa adabu mno.

Sasa hebu tulitazame neno lenyewe. Debe tumelipata kutoka lugha za Kihindi, ambako dabba ni kopo au mkebe. Chombo nacho kilikuja na mafuta ya taa. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni za Marekani zilisafirisha mafuta hayo hadi Asia na Afrika yakiwa ndani ya mikebe ya bati yenye pembe nne, mikebe miwili kwa kila sanduku la mbao. Mkebe mmoja ulichukua galoni nne za Kiingereza, yaani takriban lita 18. Mafuta yaliisha taani, bati likabaki. Likawa kipimo cha nafaka, likawa chombo cha kutekea maji, likanyooshwa likawa paa na ukuta. Na likawa ngoma.

Ushahidi kwamba lilikuwa ngoma umo vinywani mwetu kila msimu wa uchaguzi. Mtu anapompigia mwenzake debe, hakuna bati linaloguswa, lakini msemo unakumbuka kwamba palikuwa na bati na palikuwa na mkono. Tanzania wapigadebe ni wale vijana wanaoita abiria vituoni kwa sauti kubwa. Huku Kenya debe limekwenda mbali zaidi: wanasiasa wakitishana husema watakutana debeni, maana yake kwenye sanduku la kura. Kwa hiyo chombo kimoja kilichoingia na mafuta ya taa kimekuwa kipimo, ngoma, kampeni na kura. Sijui neno jingine la Kiswahili lililofanya kazi nyingi hivyo kwa mshahara mdogo hivyo.

Kabla ya debe kulikuwa na mbiu, ambayo ni pembe ya nyati. Kupiga mbiu bado ni kutangaza, na methali inatuambia kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Neno mgambo linanigusa kwa namna ya pekee, kwani nyumbani kwa Kimeru mugambo ni sauti. Kuna hata redio ya jamii huko Tigania iitwayo Mugambo Jwetu, yaani sauti yetu. Waganda nao husema kugamba kwa maana ya kusema. Mzizi ni ule mmoja wa Kibantu uliosambaa kutoka ziwani hadi pwani. Pembe ya mnyama, ikitobolewa, ikawa na sauti. Na sauti hiyo ikaitwa kwa neno la usemi wa binadamu.

Jambo la tatu la lugha ni kitenzi piga. Kiswahili hupiga ngoma, hupiga zeze, hupiga zumari ingawa hupulizwa, hupiga piano ingawa inabonyezwa. Hupiga picha, simu na pasi pia. Mwenye kupiga hatuulizi kama chombo kilitoka kiwandani au jalalani. Tunauliza tu kama kinalia. Siku hizi vijana wetu husema "kucheza gitaa", wakitafsiri Kiingereza neno kwa neno, na mimi huwasahihisha bila huruma: gitaa hupigwa, anayecheza ni yule aliyesimama ukumbini na viuno vyake.

Kinanda nacho kina kisa. Kwa watu wa pwani ya kale kinanda kilikuwa ala ya nyuzi, ndugu wa gambusi, iliyochongwa kwa mti na kufunikwa ngozi. Wamisionari walipoleta ala zao za kanisani, neno halikusumbuka kutafuta mrithi, likahamia huko. Kodiani ilipofika ikaitwa kinanda cha mkono. Kule Ukikuyu miaka ya 1940 ala hiyo ya Wazungu ilioana na karing'aring'a, duara la chuma linalogongwa kwa kipande kingine cha chuma, na mwomboko ukapata muziki wake. Angalia ndoa hiyo: ala ya bei ghali iliyopita baharini, na chuma cha mhunzi, na hakuna aliyeona aibu.

Halafu santuri. Uajemi na Iraki neno hilo ni jina la ala yenye nyuzi nyingi zinazogongwa kwa vijiti. Kwetu ni ile sahani nyeusi ya muziki. Watu walioipokea sahani hiyo hawakuipokea wakiwa wamekunja mikono. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alifika kwa Wakipsigis akakuta wasichana wakiimba wimbo kuhusu Chemirocha. Alikuwa nani? Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekuwa amefariki tangu 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imefika vijijini kupitia santuri. Jina limemenywa likavikwa sauti za Kikipsigis, na mwenyewe amegeuzwa kiumbe nusu mtu nusu paa, akisindikizwa na chepkong'o, ala ya nyuzi ya hapohapo. Maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 huko Afrika Kusini ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, na mwaka 2014 rekodi hizo zikarejeshwa kwa wenyewe. Jina lilikuwa limegeuzwa kama debe linavyogeuzwa gitaa.

Enzi hizohizo viwanda navyo vilikuwa vikifanya mambo ya baba yangu mdogo. Mwaka 1949, kule Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, ilitolewa redio ya betri ya bei nafuu kwa ajili ya wasikilizaji Waafrika. Gamba lake la duara lilitokana na sufuria isiyo na mpini, ndiyo maana ikaitwa Saucepan Special. Mzungu akitumia sufuria kutengeneza redio tunasema amevumbua; kijana wa Meru akitumia debe kutengeneza gitaa tunasema anachezea.

Tuje kwenye chupa. Yeyote aliyesikiliza magitaa makavu ya magharibi mwa Kenya anaujua ule mlio wa ti-ki-ti unaotembea kando ya nyuzi. Ni chupa ya Fanta. Zile za zamani zilikuwa na mbavu za kuzunguka kioo, na fundi akipitisha chuma juu ya mbavu hizo hupata mkwaruzo, akigonga hupata kengele. Kundi la Abana ba Nasery kutoka Bunyore lilikuwa na wanaume watatu, nao ni Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, na kazi ya Okola ilikuwa chupa. Kampuni ya GlobeStyle ya London ilipotoa nyimbo zao, chupa ilikwenda nazo hadi Ulaya ikiwa na hadhi sawa na gitaa. Haikuwekwa pale kwa sababu walikosa ngoma. Bunyore hakukosekani ngoma. Iliwekwa kwa sababu mlio wake mkali hupenya kati ya magitaa mawili bila kuyafunika, kitu ambacho ngoma haiwezi.

Nalisisitiza hili kwa sababu maelezo ya umaskini hutolewa haraka mno. Wajaluo wamebadilisha nyuzi za nyatiti, ambazo zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, wakaweka nailoni ya kuvulia samaki. Na nyuzi nane hizo hulia hadi leo huku mpigaji akigonga ubao kwa pete ya chuma aliyoivaa kidoleni mwa mguu. Orutu ilikuwa na uzi wa katani, sasa ina waya. Wapigaji hawa waliishi kando ya ziwa, nailoni ilikuwa mkononi mwa kila mvuvi, na haikatiki ovyo. Walichagua kwa sikio. Hukwe Zawose wa Ugogo, aliyefariki mwaka 2003, aliiongezea ilimba vyuma vingi kuliko alivyorithi kwa wazee wake, na hakuna aliyesema ni kwa ajili ya dhiki.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Kinshasa. Mawangu Mingiedi alipiga likembe, ala ndogo ya vyuma inayobonyezwa kwa vidole gumba. Ni ala ya sauti ya chini, ya mtu na jirani yake. Katika jiji lenye magari na baa haisikiki. Mingiedi na wenzake wakaokota sumaku kutoka vipuri vya magari, wakazungushia waya, wakaziweka karibu na vyuma vya likembe. Chuma kikitikisika mbele ya sumaku yenye waya uliozungushwa, umeme mdogo hutokea ndani ya waya, nao ukipelekwa kwenye spika huwa sauti kubwa. Gitaa la umeme la kiwandani hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba vifaa vya Kinshasa vilikwaruza, na mkwaruzo ule badala ya kuondolewa ukapendwa, kwa kuwa likembe tangu zamani lilifungwa vipete vya kuchacharika. Kundi hilo, Konono Nº1, lilitoa albamu ya Congotronics mwaka 2004, na wapenzi wa muziki wa elektroniki Ulaya wakashangaa. Baba yangu mdogo asingeshangaa. Angetafuta tu sumaku.

Sasa tumfikie msanii wa leo. Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejulikana kama KMRU, alirithi jina la babu yake kwa desturi ya Wakikuyu. Babu huyo ndiye Joseph Kamaru, mwimbaji maarufu aliyeishi kati ya 1939 na 2018. Mjukuu haimbi. Hutembea na kinasa sauti, hukusanya milio ya mahali, kisha huitandaza na kuisokota kwenye kompyuta mpaka iwe kitu kirefu kinachovuma polepole. Albamu yake ya Peel ilitoka mwaka 2020, kisha akaenda Berlin kusomea sanaa za sauti. Kwa kazi yake ya Natur alitumia vifaa vinavyonasa mawimbi ya sumaku yanayotoka kwenye nyaya na mashine za umeme, milio ambayo sikio tupu haliisikii. Kiini cha kifaa cha namna hiyo ni waya uliozungushwa. Yaani tumerudi palepale kwa Mingiedi. Mwaka 2022 alitoa Temporary Stored, iliyotokana na rekodi za zamani za Kiafrika zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Na babu naye hakuachwa, kwani mjukuu amekuwa akizitoa upya nyimbo zake mtandaoni.

Wenye kuandika historia ya sanaa hii huianzia Paris mwaka 1948, Pierre Schaeffer alipotunga kwa milio ya garimoshi. Lakini mwaka 1944 mjini Cairo, kijana Halim El-Dabh aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio, akakipeleka kwenye zari, ngoma ya kutibu pepo, akarekodi, kisha akaichuja sauti ile studioni mpaka ikawa utunzi mpya. Ni miaka minne kabla. Kwa hiyo hata kwa kalenda, ugeni wa jambo hili kwa Afrika hauna mashiko.

Basi tuwaiteje? Mwanafunzi wangu, neno liko: msanii wa sauti. Litazame vizuri, maana limejaa kuliko linavyoonekana. Sanaa tumeichukua kwa Waarabu, na mzizi wake ni kuunda, kutengeneza kwa mikono. Hadi leo Mwarabu akisema sinaa anaweza kuwa anazungumzia viwanda. Msanii kwa asili ni mwenye kuunda kitu. Sisi ndio tuliolipunguza neno likawa la mtu aliyeshika kipaza sauti jukwaani, na mitaani likashuka zaidi hadi usanii ukawa ulaghai. Anayejiundia chombo na kukipiga ndiye anayelijaza neno hilo pomoni. Kama msimamizi anataka la zamani zaidi, mwambie kuna fundi.

Tena muulize kuhusu methali ile ya debe tupu haliachi kuvuma. Tumefunzwa shuleni kuwa ni kejeli kwa wajinga wanaopiga kelele, na sibishi. Ila mwenye kuunda ala anajua jambo ambalo mwenye methali hakulijali: bila utupu hakuna mvumo. Wachuka, jirani zetu wa Tharaka Nithi, hubana ngoma ndefu kati ya mapaja na kuzipiga huku wanacheza. Gogo lisingetobolewa ndani, wangekuwa wamebeba kuni. Na kuvuma kwetu ni kulia na pia ni kujulikana. Msanii anayesifiwa redioni anavuma, kama debe.

Shida iliyopo sasa ni nyingine. Debe la bati limetoweka. Viazi Kibirichia vinapimwa kwa ndoo za plastiki, maji yako kwenye mitungi ya plastiki, mafuta ya kupikia kwenye chupa za plastiki. Plastiki ni laini, huumeza mtikisiko kabla haujawa sauti. Maneno yamebaki bila vitu: mtoto wa leo anamsikia mtu akipigiwa debe wala hajaliona debe lenyewe.

Muhula uliopita mpwa wangu, wa darasa la tano, aliagizwa na shule atengeneze ala ya muziki kwa vitu vya nyumbani. Ndiyo mambo ya mtaala wa umilisi, na mimi huyasifu. Tukazunguka boma lote kutafuta bati, hola. Mwishowe tulichukua mtungi wa lita 20, tukaufunga nyuzi za waya wa breki kwa namna niliyoikumbuka. Ulilia kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Nikakumbuka habari za Kinshasa. Tukaing'oa spika ya redio iliyokufa, kwa kuwa spika ni waya na sumaku tu, na ukiigeuza badala ya kusema husikia. Tukaigandisha ubavuni mwa mtungi, tukaiunganisha kwenye redio nyingine iliyo hai. Mtungi ukanguruma hadi kuku wakatimka.

Shuleni akapewa alama ya kukaribia matarajio. Darasa lilikuwa limeagizwa kayamba, alisema mwalimu, na kayamba halina waya. Hakukosea kwa kitabu chake. Lakini kayamba lenyewe lilitoka kwa Wamijikenda, matete na mbegu, likapanda bara kwa njia ya makanisa na shule mpaka likawa letu sote. Nalo siku moja lilikuwa geni Meru. Baada ya kusahihishwa, ala zote za darasa, makayamba kwa mtungi, zilitupwa kwenye shimo la taka nyuma ya jiko.

Mpwa wangu alirudi shimoni jioni ile, akaiokoa spika. Sasa ameifunga chini ya bati la ghala la viazi, waya umepita dirishani hadi chumbani kwake, na ukungu unapoanza kudondoka usiku huiwasha redio akasikiliza. Juzi aliniuliza kama spika mbili zingesikia zaidi. Nimeahidi kumtafutia ya pili.